Nasari za Hali ya Hatari: Nani Aligharamia Malezi ya Watoto Kenya?

Kila mara mabunge ya kaunti yanapojadili bajeti, vituo vya kulelea watoto wadogo huwekwa mkiani, na hoja ni ile ile. Malezi, tunaambiwa, ni kazi ya mama, nyanya na jirani. Serikali haikuwahi kutia mkono humo tangu ukoloni, na kuanza leo ni kuiga mambo ya ughaibuni. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo wanasiasa wanaweza kuendelea kuibishania. Sehemu ya pili ni dai la kihistoria, na si kweli.

Waandishi wa historia ya elimu ya chekechea nchini wana sehemu ya lawama. Wengi wao hutaja, kwa sentensi moja tu, kwamba vituo vya watoto wa Kiafrika vilienea vijijini Kenya ya Kati wakati wa Hali ya Hatari, mwaka 1954 hivi, kisha huruka moja kwa moja hadi Uhuru na Harambee. Sentensi hiyo nimekutana nayo katika vitabu vya walimu wa nasari, na kila mara hupita kana kwamba haina uzito. Naamini ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari Oktoba 1952 ili kupambana na wapiganaji wa Mau Mau. Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, na makumi ya maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Embu na Meru wakapelekwa kizuizini. Miezi michache baadaye Baraza la Vita la serikali ya kikoloni likaamua kwamba raia waliosalia mashambani, walio wengi wanawake, wazee na watoto, wakusanywe katika vijiji vyenye uzio na mahandaki. Hadi mwishoni mwa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba zao za awali zilichomwa au kubomolewa, na katika vijiji hivyo vipya, ambavyo Wakikuyu waliviita ichagi, mtu alitoka na kuingia kwa saa iliyopangwa na askari.

Kazi za lazima zikawaangukia wanawake: kuchimba matuta, kutengeneza barabara, kujenga vituo vya askari wa ulinzi, na kuchimba lile handaki la maili 50 kandokando ya msitu wa Mlima Kenya lililokusudiwa kuwakatia wapiganaji chakula. Mama aliyeitwa kazini asubuhi hakuwa na mume nyumbani, na mara nyingi hata mama mkwe wake alikuwa ameitwa pia. Mtoto aende wapi? Hapo ndipo vituo vya mchana vilipozaliwa. Watoto walikusanywa mahali pamoja, wakaangaliwa na bibi vizee na wasichana, wakapewa uji au maziwa palipokuwa na uji au maziwa. Njaa ilikuwa kali vijijini humo na watoto wengi walikufa. Kituo hakikuwa cha kufundisha herufi. Kilikuwa mahali pa kumweka mtoto akiwa hai mpaka jioni.

Nani aliviendesha? Hapa wanahistoria wanatofautiana, na tofauti yenyewe inafaa kuangaliwa kwa makini. Masimulizi ya upande wa serikali ya kikoloni yalivihesabu miongoni mwa matunda ya ustawi wa jamii. Idara ya Maendeleo ya Jamii ilikuwa imeanzisha shirika la Maendeleo ya Wanawake mwaka 1952, makao yake yakiwa Jeanes School, Kabete, chini ya uongozi wa wanawake wa Kizungu. Vilabu vyake vilifundisha kushona, usafi na mapishi, na wakati wa vita viligawa maziwa na kusaidia vituo vya watoto. Wanaosoma taarifa za idara peke yake huona huruma. Sina subira na usomaji huo. Mwanamke aliyejiunga na klabu alipata nafuu, hata kusamehewa kazi za lazima. Aliyekataa alibaki kwenye handaki. Maziwa ya mtoto yalikuwa sehemu ya mkakati wa kuwatenga wapiganaji na mama zao. Mwanahistoria Cora Presley, aliyehoji wanawake wenyewe na kuchapisha kitabu chake mwaka 1992, anatuonyesha wanawake waliojua vizuri kwamba uji huo una bei yake, na wakaupokea kwa sababu mtoto lazima ale.

Thomas Askwith ni mtu wa kumtazama kwa namna nyingine. Alikuwa Kamishna wa Maendeleo ya Jamii na ndiye aliyekabidhiwa mpango wa kuwarekebisha wafungwa, baada ya kupelekwa Malaya mwaka 1953 kuona Waingereza walivyofanya huko. Mwaka 1957 alipoondolewa katika kazi hiyo, alikuwa amekwisha kulalamikia ukatili wa kambini. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1995, zina jina linalounganisha Mau Mau na Harambee, na ndani yake mna imani ya kweli kwamba watu wakisaidiwa kujisaidia watainuka. Namwamini kwamba alimaanisha hivyo. Lakini mstari anaouchora kutoka kijiji cha uzio hadi Harambee unaficha jambo moja: kilichorithiwa na Kenya huru kilikuwa majengo, mazoea na wale bibi waliozoea kuangalia watoto, wala si fedha. Serikali ilitoa maziwa na usimamizi ilipohitaji mikono ya mama. Haja hiyo ilipokwisha, mzigo ukabaki kijijini.

Mashamba makubwa nayo yalikuwa yamegundua mapema siri hiyo, kwamba kumwangalia mtoto ni kuiachilia mikono ya mama ifanye kazi. Baadhi ya mashamba ya kahawa na chai yaliweka mahali pa watoto wa vibarua, kwa kuwa mchuma kahawa mwenye mtoto mgongoni huchuma polepole.

Baada ya 1963 nasari za Harambee zilichipuka karibu kila mahali. Wazazi walijenga banda, wakamteua mwalimu miongoni mwao na kumlipa kwa shilingi chache, mahindi au chochote kilichopatikana. Zilikuwa chini ya idara ya huduma za jamii na mabaraza ya miji na wilaya. Mwaka 1971 ulianzishwa mradi wa elimu ya awali katika Taasisi ya Elimu ya Kenya kwa msaada wa Bernard van Leer Foundation, ukianzia katika nasari za Nairobi. Mwaka 1980 waraka wa rais ukauhamishia mzigo wa chekechea Wizara ya Elimu. Kuanzia hapo chekechea ikawa ngazi ya kuingilia darasa la kwanza, na mtoto wa miaka miwili akasahaulika. Elimu ya msingi bila malipo ilipokuja mwaka 2003, watoto wengi wakatolewa nasari au kupelekwa shuleni moja kwa moja, kwa sababu nasari ilibaki ya kulipiwa.

Tanzania walichukua njia ya sheria. Sheria yao ya Vituo vya Kulelea Watoto Mchana ya 1981 ilitaka kila kituo kisajiliwe kabla ya kufunguliwa, na baadaye Sheria ya Mtoto ya 2009 ikaichukua nafasi yake. Faida yake ni kwamba swali la nani anaruhusiwa kulea watoto wa wengine kwa malipo lilipata jibu lililoandikwa mapema. Swali la nani atamlipia mzazi asiye na uwezo halikupata jibu la namna hiyo.

Kenya nayo imefika hapo hapo kwa kuzunguka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya pili, kifungu cha tisa, linazipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vijijini, na pia vituo vya malezi ya watoto. Maneno haya ya mwisho hayazungumzwi sana. Tangu 2013 kaunti zimejenga madarasa ya chekechea na kuajiri walimu wake, jambo jema. Kwa malezi ya mtoto mdogo zaidi, zilichoanza nacho ni karatasi. Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo vya malezi mwaka 2017, na anayetaka kufungua kituo sasa ana mlolongo wa vibali vya kufuata: nafasi, choo, maji, cheti cha afya cha anayepika.

Masharti hayo ni ya haki, na mtoto yeyote anastahili choo safi. Lakini twende Mukuru au Kibera, mitaa ya mabanda ya Nairobi, kwenye kile kinachoitwa bebi kea. Ni chumba kimoja cha mabati, mama mmoja, watoto kumi au zaidi, na malipo ya kila siku ambayo mama muuza mboga huyatoa katika faida ya siku hiyo hiyo. Bwana afya akifika na orodha yake, mlezi ana mambo mawili ya kuchagua: kupandisha ada ili atengeneze chumba, wateja wake wakimbie, au kufunga mlango na kuendelea kimya kimya. Wengi wanafunga mlango. Ukaguzi usio na ruzuku unawafukuza walezi wale wale tunaotaka wakaguliwe, na mtoto anabaki katika chumba ambacho hakuna ofisa anayekijua.

Dawa yake haina ugeni. Kaunti ikimlipia mtoto wa familia maskini sehemu ya ada, kwa sharti kwamba kituo kiwe na leseni, mlezi atakuwa na sababu ya kuitafuta leseni hiyo na fedha za kununua tangi la maji. Wizara ya Elimu inamsubiri mtoto afike miaka minne aingie chekechea. Kliniki inampima, inamchanja na kumrudisha nyumbani. Kati ya hapo, mama akiwa kazini, kifungu cha tisa ndicho pekee kinachomtaja, na mamlaka yake yako mikononi mwa wawakilishi wa wadi wanaopitisha bajeti kila Juni.