Sabuni, Shabu na Chanjo ya Korogwe: Hoja juu ya Cheo cha Kisaidizi

Atokaye Korogwe mjini, akayaacha mashamba ya mkonge nyuma yake na kupanda milima ya Usambara hata Lutindi, huziona kwa mwendo wa saa chache nchi mbili za kilimo, chini mahindi na mkonge, juu chai. Na kote aweza kumkuta mkulima mwenye bomba la dawa mgongoni, ambaye kabla ya kufunga kifuniko hutia ndani ya maji sabuni ya unga kidogo. Akiulizwa sababu, hujibu kwamba dawa inate. Jawabu ni fupi, walakini ndani yake mna suala ambalo matabibu wenyewe walichukua miaka mingi kulifahamu, nalo ndilo msingi wa makala haya: kwamba kisaidizi, yaani kitu kile ambacho hakikusudiwi kutibu wala kuua, bali hutiwa katika dawa ili dawa ipate kutenda kazi yake, si haki kukihesabu kama mtumishi asiye na jina, maadamu mara nyingi ndicho kiamuacho kama dawa itafaa au haitafaa.

Jani la mhindi limevikwa nta na vinyweleo, hata tone la maji likiliangukia hujikusanya kama lulu, likabiringika, likashuka chini pamoja na sumu iliyokusudiwa viwavi. Sabuni huulegeza mvuto ule uufanyao uso wa maji kujikaza, tone likatandazika na kushika. Kwa utupa faida ni maradufu. Mmea huu, ambao watu wa mitoni waliutumia tangu zamani kulevya samaki, una sumu isiyoyeyuka vema katika maji matupu. Basi majani yake yakilowekwa katika maji yenye sabuni, sabuni huitoa sumu majanini kwanza, kisha huinatisha juu ya zao.

Lakini sabuni hiyo hiyo ikizidi huunguza majani. Na kwa kuwa sabuni ya kufulia ina tabia ya magadi, baadhi ya dawa za wadudu, malathioni ikiwa mojawapo, huvunjika upesi ndani yake, hata mkulima akadhani kauziwa dawa bandia, kumbe msaidizi ndiye aliyemmaliza bwana wake. Iko na hatari iliyo kubwa kuliko hiyo: mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku kisaidizi kimoja kilichokuwa kikitiwa katika dawa ya magugu ya glaifoseti, si kwa kosa la dawa yenyewe, bali kwa sumu ya kisaidizi. Na bado karatasi ya chupa ya dawa hutaja kiini chake kwa tarakimu, na vilivyosalia mara nyingi hufunikwa kwa jina la viungo vinginevyo.

Katika elimu ya chanjo habari ilianza kwa wanyama. Gaston Ramon, tabibu wa mifugo wa Ufaransa, alitambua kwamba farasi waliofanya uvimbe pale walipochomwa sindano ndio waliotoa kinga nyingi zaidi. Akaanza kwa makusudi kuichanganya chanjo na vitu vya kuuchokoza mwili, na miongoni mwavyo ilikuwamo tapioka, ambayo msomaji wa Tanga ataijua kuwa si kingine ila wanga wa muhogo. Mwaka 1926 Mwingereza Alexander Glenny akaingiza shabu, ile ile itumiwayo na watu wa pwani kusafishia maji, na chumvi za jamii yake zimo katika chanjo nyingi hata leo. Zilitumika miongo na miongo pasipo mtu kueleza barabara zafanyaje kazi; mwaka 1989 Mmarekani Charles Janeway aliwakumbusha wenzake kwamba hiyo ilikuwa siri yao ya aibu.

Ushahidi ulio wazi kupita wote ninaoujua ni wa malaria. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo la Marekani, ambamo chanjo iitwayo RTS,S, yenye protini ile ile, ilipewa makundi matatu ya watu wazima waliojitolea, kila kundi kwa kisaidizi chake, kisha wakaumwa na mbu wenye vimelea. Kundi la shabu alisalimika 1 kati ya 8. Kundi la mchanganyiko wa mafuta na maji, 2 kati ya 7. Na kundi la tatu, ambalo mchanganyiko huo uliongezewa visaidizi viwili vikali, wakasalimika 6 kati ya 7. Ilipofika zamu ya watoto wa Kilifi na Korogwe kisaidizi kilikuwa kimekwisha kutengenezwa upya, na matokeo ya Desemba 2008, ya watoto 894 wa miezi 5 hadi 17, yakaonyesha kinga ya asilimia 53 dhidi ya kuugua malaria. Korogwe ikaingia tena, pamoja na Bagamoyo, katika jaribio kuu la watoto 15,459 wa nchi saba, nalo Shirika la Afya Duniani liliikubali chanjo hiyo Oktoba 2021.

Basi ni kitu gani kilichokuwa ndani ya sindano ya Korogwe? Kimojawapo ni saponini itokayo katika gome la mti wa Chile, Quillaja saponaria, ambalo wenyeji wa huko walifulia nguo. Na jina saponini lina nasaba moja na neno letu sabuni, tulilolipokea kwa Waarabu. Saponini hiyo ikiwa peke yake huzipasua chembe nyekundu za damu, kwa hiyo hufungwa katika vijipovu vya mafuta vyenye kolesteroli hata ukali wake ukatulia. Tofauti ya sindano ile na bomba la mkulima, basi, ni kwamba katika sindano kisaidizi kimepimwa, kimefugwa na kuandikwa jina, na katika bomba hutiwa kwa kukadiria kiganjani.

Yamkini mtu atasema kwamba nakikweza mno kitu kilicho nyongeza tu, kwa kuwa shabu bila protini haimkingi mtoto na malaria. Ni kweli, lakini protini ile nayo, katika watu 8 waliopewa pamoja na shabu, ilimkinga mmoja. Hata katika tiba isiyo ya sindano, msaidizi ana nafasi yake: huko Lutindi, katika hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanza kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kazi za shamba na za mikono zimehesabiwa tangu zamani kuwa sehemu ya tiba. Mfano huu nautaja kando tu, kwa kuwa jembe halipimwi kwa mikrogramu.

Na chini ya mlima, katika korona, yaani viwanda vya kuchakatia mkonge, singa hutolewa, nazo ni sehemu ndogo mno ya jani; utomvu na makapi yaliyosalia, ambayo huwawasha wafanyakazi mikono, yana saponini pia, ingawa ni ya ukoo mwingine na ile ya Chile, nayo mara nyingi humwagwa mferejini.