Bunduki na Mkono Unaoishika

Kila mwalimu wa historia aliyepata kufundisha habari za Lugalo analijua swali ambalo wanafunzi hawakosi kuuliza: iweje watu wenye mikuki wawashinde watu wenye bunduki? Jibu la kawaida ni ushujaa wa Wahehe, nalo ni jibu la kweli. Lakini halitoshi, maana Wahehe walikuwa mashujaa Lugalo mwaka 1891 waliposhinda, na walikuwa mashujaa vile vile Kalenga mwaka 1894 waliposhindwa. Katika makala haya tunakusudia kulitazama jambo hili kwa upande wa mkono unaoishika bunduki, kwa sababu yaliyowapata askari siku ile ndiyo yanayowakabili polisi wa kila nchi hata leo.

Msafara ule uliongozwa na Emil von Zelewski, aliyepachikwa jina la Nyundo. Chini yake walikuwapo Wazungu wachache, askari zaidi ya 300, na wapagazi waliochukua mizigo pamoja na silaha kubwa. Wengi wa askari hao walikuwa Wasudani na watu wa kusini, ambao Wajerumani waliwaajiri tangu mwaka 1889 ili kuvunja upinzani wa Abushiri na Bwana Heri. Basi hawakuwa wageni wa bunduki. Walikuwa wamefundishwa gwaride na shabaha, na wengine walikwisha kupigana pwani. Tunalitaja jambo hili makusudi, kwa kuwa wako wanaodhani kwamba Nyundo aliongoza kundi la watu wasiojua kazi yao.

Tarehe 17 Agosti 1891, msafara huo ulikuwa ukipita katika mstari mmoja mrefu, kwenye njia nyembamba yenye vichaka na mawe, mashariki ya mji wa Iringa wa leo. Jeshi la Mtwa Mkwawa lilikuwa limejificha karibu na njia. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja alimpiga ndege risasi, na Wahehe wakaudhani mlio ule kuwa ndiyo ishara waliyokuwa wakiingojea. Wakainuka wote kwa pamoja.

Na tuupime umbali ule. Kutoka kichakani hadi njiani zilikuwa hatua chache tu. Bunduki ya askari ilitoa risasi moja, kisha ilimlazimu aifungue, atie risasi nyingine, aifunge, na alenge upya. Mtu mwenye mkuki hakungoja hayo yote. Katika muda wa dakika chache Nyundo alikuwa amekwisha kuuawa, pamoja na Wazungu wengi, askari zaidi ya 200 na wapagazi wengi ambao hata silaha hawakuwa nazo. Walionusurika walikuwa hasa watu wa kikosi cha nyuma, chini ya Luteni von Tettenborn. Hawa walikuwa na bunduki zile zile na mafunzo yale yale ya wenzao. Walichozidi ni kwamba mkuki haukuwafikia kwanza, wakapata nafasi ya kuvuta pumzi na kujipanga.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika uwanja wa shabaha, askari husimama anapopataka, huegemeza kitako cha bunduki begani, hutuliza pumzi, hulenga, kisha hubana kifyatulio polepole. Shabaha aliyowekewa mbele yake haimkimbilii. Lakini mtu anaposhtukizwa, moyo humwenda mbio, vidole hukaza, na macho huganda juu ya kile kinachomtisha, yakaisahau bunduki yenyewe. Kifyatulio huvutwa kwa nguvu, na mtutu hupotoka. Huo si woga, wala hatuwacheki marehemu wale. Ndivyo mwili wa binadamu ulivyo, na mafunzo yasiyouzoeza mwili huo mshtuko huwa yameishia nusu ya njia.

Wahehe nao walilionja jambo hili kwa upande wao. Lugalo waliteka bunduki nyingi na mizinga. Hata hivyo, tarehe 30 Oktoba 1894 boma la Kalenga, pamoja na kuta zake za mawe, lilitekwa na Wajerumani, na Mkwawa akaendelea na vita vya msituni hadi alipojiua mwaka 1898. Bunduki huweza kutekwa kwa siku moja. Mazoea ya kuitumia hayatekwi. Kijana wa Kihehe alikua na mkuki mkononi, na hapakuwa na miaka ya kumkuza hivyo na bunduki.

Miaka michache baadaye, swali hili hili liliwasumbua polisi wa mji wa Shanghai nchini China, katika mtaa uliotawaliwa na wageni. Wahalifu wa huko walikuwa na bastola, na mapambano yalitokea usiku, katika vichochoro, kwa umbali wa hatua mbili tatu. Mwingereza mmoja, William Fairbairn, aliyejiunga na polisi hao mwaka 1907, aliona kwamba mtu aliyefunzwa kusimama wima na kulenga taratibu hafai kitu kichochoroni. Akawakimbiza wanafunzi wake kwanza ili waheme, kisha akawaingiza katika nyumba yenye giza, yenye milio ya baruti na sanamu zilizozuka ghafula. Yeye na mwenzake Sykes waliyaandika mafunzo hayo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1942.

Lakini polisi hao hao wa Shanghai, tarehe 30 Mei 1925, waliwafyatulia risasi wanafunzi na wafanyakazi waliokuwa wakiandamana katika barabara ya Nanjing, wakaua watu wasiopungua 9. China nzima ikawaka kwa migomo. Pale umati ulikuwa mbele ya mitutu, na kulenga hakukuwa na ugumu wowote. Kilichokosekana ni utulivu wa kuamua kutopiga. Ndiyo maana baada ya siku ile Fairbairn alipewa kazi ya kuunda kikosi cha kutawanya umati bila kutegemea risasi.

Utulivu huo haujapatikana kila mahali. Usiku wa tarehe 4 Februari 1999, mjini New York, polisi wanne walimkuta Amadou Diallo, kijana wa miaka 23 kutoka Guinea, mlangoni pa nyumba aliyoishi. Walipiga risasi 41 kwa umbali mdogo sana, na 19 zikampata. Alikuwa hana silaha. Mkononi alikuwa na pochi yake.