Samaki wa supamaketi: Nembo ya 'uvuvi endelevu' ina maana gani?

MTEJA anayenunua samaki mwaloni humwona akiwa mzima. Hukadiria urefu wake kwa macho, huinua shavu kuangalia wekundu, na akitaka humuuliza mvuvi alikomvua. Mteja wa supamaketi hana nafasi hiyo. Mbele yake upo mnofu uliogandishwa, hauna kichwa wala mkia, na umesafiri maelfu ya kilometa.

Ndiyo maana swali la samaki huyo alivuliwa wapi, kwa zana gani na kwa jasho la nani limekuwa la muuzaji wa rejareja. Yeye ndiye anayechagua wa kununua kwake, na uchaguzi wake huonekana hadi kwenye nyavu.

Chimbuko lake

Julai 1992, serikali ya Kanada ilisimamisha uvuvi wa chewa wa Atlantiki kwenye pwani ya Newfoundland, eneo lililokuwa limevuliwa kwa takriban miaka 500. Meli kubwa za kukokota nyavu zilikuwa zimemaliza samaki. Watu wapatao 30,000 walipoteza ajira, na uvuvi wa kibiashara wa chewa katika eneo hilo la kaskazini haukufunguliwa tena rasmi hadi mwaka 2024.

Mshtuko huo uliwafikia wanunuzi wakubwa. Kampuni ya Unilever, ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakuu wa samaki wa kugandishwa duniani, iliungana mwaka 1996 na shirika la hifadhi la WWF kuanzisha Baraza la Usimamizi wa Bahari, lijulikanalo kwa kifupi kama MSC. Haikuwa huruma tupu, kwani kiwanda kisicho na samaki hakina biashara. Baadaye baraza hilo lilijitegemea, na mwaka 2000 lilianza kutoa vyeti.

Nembo inavyofanya kazi

Ili uvuvi upewe cheti, wakaguzi wasio na uhusiano na wavuvi wala muuzaji huangalia mambo matatu. Kwanza, kama samaki waliobaki majini wanatosha kuzaliana. Pili, madhara ya zana kwa viumbe wengine, kama vile kasa, papa na matumbawe. Tatu, kama zipo sheria na usimamizi unaotekelezwa.

Aidha, kila kampuni inayoshika samaki huyo njiani, kuanzia bandarini, kiwandani hadi ghalani, lazima imtenge na samaki wengine na kutunza kumbukumbu zake. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, nembo haina thamani.

Cheti si cha milele. Chewa wa Bahari ya Kaskazini alipewa nembo mwaka 2017 kwa shangwe, baada ya miaka mingi ya kupunguza uvuvi. Oktoba 2019 cheti hicho kilisimamishwa kwa sababu utafiti ulionyesha idadi ya samaki imeshuka chini ya kiwango cha usalama.

Nguvu ya mnunuzi, na mipaka yake

Mwaka 2006, kampuni ya Walmart ya Marekani ilitangaza kuwa ndani ya miaka mitatu hadi mitano ingenunua samaki wake wote wa kuvuliwa, wabichi na wa kugandishwa, kutoka kwenye uvuvi wenye cheti cha MSC kwa ajili ya maduka yake ya Amerika ya Kaskazini. Tangazo la mnunuzi wa ukubwa huo hufanya kazi ambayo boti za doria peke yake haziwezi, kwa kuwa mvuvi haramu huweza kumkwepa askari, lakini hawezi kula faida ya samaki asiye na mnunuzi.

Hata hivyo, samaki wengi majini si ushahidi kwamba aliyewavua ametendewa haki. Mwaka 2015, waandishi wa shirika la habari la Associated Press walifichua watumwa kwenye meli za uvuvi nchini Indonesia, ambao samaki wao walikuwa wakiingia katika biashara iliyofika hadi supamaketi za Marekani. Watu zaidi ya 2,000 waliachiwa huru. Tangu hapo, ununuzi wa kuwajibika hauwezi kuhesabu samaki pekee na kumsahau baharia.

Kikwazo kingine ni gharama. Ukaguzi unahitaji fedha na takwimu za miaka mingi, vitu ambavyo mvuvi mdogo hana. Lakini haliko nje ya uwezo, kwani wavuvi wa Maldives, wanaovua jodari mmoja mmoja kwa ufito na ndoano, walipata cheti mwaka 2012 na kuuza Ulaya.

Funzo la Ziwa Victoria

Wavuvi wa Ziwa Victoria wanaifahamu nguvu ya mnunuzi wa mbali. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo baada ya taarifa kwamba baadhi ya watu walikuwa wakivua kwa sumu. Viwanda vya minofu viliyumba na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, wakiwamo wengi ambao hawakuwahi kugusa sumu.

Funzo ni kwamba adhabu ya soko haichagui mkosaji. Kanuni inakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50, ambaye hajapata nafasi ya kuzaa. Kiwanda kikimkataa samaki huyo kwa uthabiti, kokoro linapoteza mteja mmoja mkubwa. Kikimpokea kimyakimya, au akipata soko jingine la pembeni, kanuni inabaki kuwa karatasi.

Nini cha kuangalia

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) linakadiria kuwa mwaka 2021 asilimia 37.7 ya makundi ya samaki wa baharini yanayofuatiliwa yalikuwa yakivuliwa kupita uwezo wa kujizalisha. Mwaka 1974 ilikuwa asilimia 10.

Kwa hiyo muuzaji anayejiita mwajibikaji anapaswa kuweza kujibu maswali manne: ni samaki wa aina gani, alivuliwa wapi, kwa zana gani, na nani alimvua kwa masharti gani ya kazi. Nembo ni njia mojawapo ya kujibu. Asipoweza kujibu, maneno mazuri yaliyoandikwa kwenye pakiti ni tangazo tu la biashara.

Naye mteja asisahau kuuliza, hata pale kwenye meza ya samaki sokoni. Swali la mnunuzi mmoja ni dogo, lakini muuzaji anayeulizwa kila siku hulazimika kwenda kumuuliza aliyemuuzia.