Isaya 40 Tunayoiimba

Wanakwaya wa awali wanakumbuka swali la vijana wa sauti ya tatu, lililokaribia kutugawanya: maandiko yaliyonakiliwa kwa mkono karne nyingi, tutajuaje hayakubadilishwa? Siku hiyo hatukuwa na jibu.

Baadaye tulisoma habari za gombo la Isaya lililopatikana mwaka 1947 katika pango la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Lina sura zote 66, na limezidi kwa takriban miaka 1,000 nakala kamili za Kiebrania zilizojulikana hapo awali. Ujumbe ni ule ule. Makosa pia yamo: kwenye 40:7-8, mistari yetu yenyewe, mnakili aliruka maneno, na mkono mwingine ukayarudisha juu ya mstari na pembeni. Wengine waliona haya kulitaja hilo kanisani. Sisi lilitutuliza, kumbe palikuwa na wakaguzi. Vijana wale walibaki.