Karura 1999: kabla ya kupiga picha na mche, uliza ardhi ni ya nani

1/ Siku ya kupanda miti ikifika, kampasi zetu hujaa miche, fulana na hotuba. Mwanafunzi akiuliza swali la ardhi, anaambiwa mazingira si siasa. Hebu turudi nyuma kidogo.

2/ Karura, takriban hekta 1,000 hapa Nairobi, ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kufikia 1998, vipande vyake vilikuwa vishagawiwa watu binafsi kimyakimya, wajenge.

3/ Tarehe 8 Januari 1999, wanaharakati wa Green Belt Movement walienda kupanda mti pale. Wakashambuliwa. Kiongozi wao, aliyewahi kuwa mhadhiri Chuo Kikuu cha Nairobi, akapasuliwa kichwa.

4/ Mwisho wa mwezi huohuo, wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana. Wakakabiliana na polisi, masomo yakasimama. Hiyo ndiyo bei waliyolipa.

5/ Tarehe 16 Agosti 1999, serikali ikapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Unyakuzi nchini haukuisha, lakini Karura ingali imesimama.

6/ Leo Katiba, kifungu cha 69, inataka miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi. Poa. Lakini mche hauwezi kujitetea mbele ya hatimiliki. Kwa hivyo mkialikwa kupanda, pandeni, kisha muulize: hii ardhi imesajiliwa kwa jina la nani, na nani ana uwezo wa kuigawa kesho?