Klorini ya Akiba, Si Mabaki

Kijitabu cha maelekezo ya bwawa la mkondo, yaani lile bwawa dogo la nyumbani ambalo pampu husukuma maji na mtu akaogelea dhidi yake bila kusogea, humwagiza mwenye nyumba ahakikishe kuwa "mabaki ya klorini" yapo majini wakati wote. Mswahili aliyelelewa katika nyumba safi lazima ashtuke. Mabaki ya chakula hutupwa. Mabaki ya sabuni husuuzwa mpaka yaishe. Msomaji mwenye akili timamu akiambiwa bwawa lake lina mabaki ya dawa, atafungua bomba ayamwage.

Klorini inayosemwa hapo haikusahaulika majini. Imetiwa kwa makusudi kupita kiasi kinachotumika papo hapo, ili inayozidi ikae ikisubiri vijidudu atakavyoingia navyo mwogeleaji wa jioni. Kiswahili kina neno la kitu kinachowekwa kisubiri haja: akiba. Klorini ya akiba.

Watetezi wa mabaki hukimbilia Kiarabu, na huko wana hoja. Baqiya ni kudumu, na Al-Baqi, Mwenye Kudumu, ni miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu. Ila Kiswahili hakikuchukua kudumu; kilichukua kusalia. Akiba nayo imetoka Kiarabu, katika mzizi unaozaa neno la kisigino na neno la kinachofuata nyuma. Aqiba ni mwisho wa jambo, matokeo yake. Waswahili wakaligeuza likawa jina la kitu kinachotengwa leo kwa ajili ya kesho, na tangu hapo halijalala: kuna akiba ya nafaka, akiba ya fedha za kigeni, jeshi la akiba. Kwenye benchi la uwanja wa mpira wanakaa wachezaji wa akiba, wamevaa jezi, wanasubiri kuitwa. Hakuna mtangazaji aliyewahi kuwaita wachezaji wa mabaki.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kulitoa pendekezo hili mbele ya wanaistilahi wa kamati moja. Akajibiwa kwamba "akiba haiozi", ilhali klorini huisha, hasa maji yakiwa ya moto au yakipigwa na jua. Jibu hilo lilipokewa kwa vichwa vya kukubali, na linasikitisha, kwa sababu methali inasema haiozi, haikusema haitumiki. Akiba yote huliwa siku ya haja, kisha huongezwa. Mwenye bwawa anatakiwa kufanya hivyohivyo.

Tena neno mabaki lina mahali pake halali, na kamati haikupaona. Klorini ikikutana na jasho na mkojo hufungamana na amonia iliyomo, ikawa kloramini. Hiyo imekwisha kazi kwa sehemu kubwa, huwasha macho, na ndiyo inayotoa ile harufu kali ambayo watu wengi huidhania ni dalili ya dawa kutosha. Hayo ndiyo mabaki. Faharasa inayoyapa jina moja na klorini huru, iliyo bado na nguvu, inamfundisha msomaji kuamini pua yake wakati pua inamdanganya.

Uchaguzi wa mtambo wenyewe wa kusafisha maji unasimama juu ya neno hili, akiba. Ozoni, iliyotambuliwa na mwanakemia Schönbein mwaka 1840, huua vijidudu upesi, lakini majini haikai. Huvunjika ndani ya muda mfupi ikarudi kuwa oksijeni. Taa ya urujuanimno hushambulia vijidudu vya maji yanayopita mbele yake tu, na hapo inaishinda hata klorini, kwa kuwa huweza kukidhoofisha kimelea cha Cryptosporidium ambacho huhimili klorini ya kawaida ya bwawa kwa siku kadhaa. Vyote viwili ni wasaidizi wazuri visivyoacha akiba. Anayevinunua akaacha dawa, amebakiwa na maji yanayong'aa ambayo hayana ulinzi pale hasa waogeleaji walipo. Mtambo wa chumvi ni jambo jingine, ingawa wapo wanaoutangaza kama njia ya kukwepa klorini: umeme hupitishwa katika maji ya chumvi, ikazalishwa klorini ileile. Kwa hiyo akiba ipo.

Kwa matumizi, kwa haraka: Kituo cha Udhibiti na Kinga ya Magonjwa cha Marekani kinapendekeza klorini huru isipungue miligramu 1 kwa lita katika bwawa la kawaida na 3 katika bafu la maji moto, huku pH ikiwa kati ya 7.0 na 7.8. Bromini, ikitumiwa badala ya klorini, isipungue 3 na 4 kwa mfuatano huohuo. Bwawa la mkondo lina maji machache, na likipashwa moto kama bafu lihesabiwe kuwa bafu. Bromini hupendwa kwenye maji moto kwa sababu hata ikishafungamana na amonia huendelea kuua vijidudu, hivyo kwake mpaka wa akiba na mabaki si mkali kama kwa klorini. Lakini jua huimaliza upesi, na asidi ya sianuriki inayoikinga klorini haiwezi kuikinga bromini. Bwawa lililo uani, lisilo na paa wala kifuniko, litiwe klorini.