“Futa Hiyo Picha”: Kamera na Uzio Katika Nchi ya Almasi na Dhahabu

Jua lilikuwa ndio kwanza linachomoza katika kituo kimoja cha mabasi cha Kanda ya Ziwa. Mama muuza uji alikuwa amepanga vikombe vya plastiki kwenye benchi, mvuke unapanda, mwanga unapenya katikati ya mabasi mawili na kumpiga begani. Nikamsalimu, nikamwonyesha kamera yangu ndogo, akatikisa kichwa kukubali. Nikapiga picha moja. Kabla sijashusha mkono, mlinzi alikuwa ameshafika.

“Kibali kiko wapi?”

“Kibali cha nini, afande?”

“Cha kupiga picha. Hapa ni eneo la serikali. Futa hiyo picha.”

Nikafuta, huku akichungulia kioo cha kamera mpaka aliporidhika. Alipoondoka, yule mama akacheka huku akimimina uji. “Mbona mimi mwenye uso hajaniuliza?”

Mpiga picha wa kujifurahisha yeyote aliyewahi kutembea na kamera Shinyanga, Kahama au Geita ana kisa kama hicho. Picha haiuzwi, haiendi gazetini, ni ya kumbukumbu tu. Lakini kamera ikitoka mfukoni, kibali kinaulizwa. Ukiuliza kibali hicho kinatolewa na ofisi gani, jibu halipatikani. Desturi hiyo imejengeka kwa karibu karne nzima, na katika mikoa hii imejengwa juu ya mambo mawili: vita na madini.

Mji wenye geti

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Shinyanga. Kamera za mwanzo katika mikoa hii zilikuwa za maofisa, wamisionari na watafiti, na Msukuma alikuwa mtu wa kupigwa picha. Alisimamishwa mbele ya nyumba yake, akapigwa, na picha ikaondoka na mgeni.

Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Thorburn Williamson, akagundua almasi Mwadui, kaskazini mashariki mwa mji wa Shinyanga. Mwaka 1947 likapatikana pale jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa anaolewa mwaka huo. Jiwe likachongwa London likabaki na karati 23.6, na mwaka 1953 kampuni ya Cartier ikalitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Picha za malkia akiwa amevaa ua hilo zimezunguka dunia nzima.

Huku nyumbani, Mwadui ikawa mji wenye geti, na wa nje aliingia kwa ruhusa. Sababu yake inaeleweka, kwani punje ya almasi hufichika hata chini ya ukucha. Ila uzio uliowekwa kuzuia mkono ulizuia na jicho. Watoto wa vijiji vya jirani walikua wakijua kwamba ng’ambo ya waya kuna utajiri, kuna walinzi, na mtu hasimami kuangalia sana. Waliothubutu kupenya usiku kutafuta mawe wakapewa jina la wabeshi, na jina hilo limedumu hadi leo.

Sheria za wakati wa hofu

Miaka minane baada ya uhuru, Tanzania ilikuwa inaishi na vita mlangoni. Vyama vya ukombozi vilikuwa na ofisi Dar es Salaam, na Wareno walikuwa Msumbiji, ng’ambo ya mto Ruvuma. Februari 3, 1969, kiongozi wa FRELIMO ya Msumbiji, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Jasusi halikuwa neno la riwaya wakati huo.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya maeneo yanayolindwa. Sheria hiyo ilimpa waziri uwezo wa kutangaza mahali kuwa pa ulinzi, na asiye na ruhusa haingii. Mwaka 1970 ikafuata Sheria ya Usalama wa Taifa, iliyoiweka picha kundi moja na ramani na mchoro: kuvichukua kwa nia ya kuidhuru nchi ni kosa zito. Kambi za jeshi, viwanja vya ndege, madaraja na bohari za mafuta vikawa vitu vya kutazama kwa pembe ya jicho.

Kanda ya Ziwa ilikuwa na sababu yake ya ziada. Machi 29, 1979, wakati wa vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, ndege aina ya Tu-22 ya Libya, iliyokuwa upande wa Uganda, ilitumwa kuipiga bohari ya mafuta ya Mwanza. Mabomu yakakosa shabaha, yakaangukia hifadhi ya wanyama iliyokuwa jirani na kuua swala. Watu walicheka baadaye, ila somo liliingia. Mtu mzima aliyekuwa Mwanza au Shinyanga mwaka ule hahitaji kuelezwa kwa nini mlinzi alimtilia shaka mgeni anayepiga picha tangi la mafuta.

Yafaa tuangalie sheria zile zilichosema na zilichoacha. Zilitaja maeneo yaliyotangazwa, zikataja nia mbaya. Soko, stendi, barabara ya mtaani na benchi la muuza uji hazikuvigusa. Katazo lilitoka kambini likaingia mjini kwa miguu ya mgambo, mlinzi na mjumbe, kila mmoja akiongeza kidogo kwa usalama wake mwenyewe.

Katazo hilo halikupata upinzani mkubwa, kwa sababu kamera zenyewe zilikuwa chache. Mtu alikwenda studio, akakaa mbele ya pazia lililochorwa maua, akalipa, akaambiwa arudi wiki ijayo. Miaka ya 1990 wakaongezeka wapiga picha wa kutembea, wenye mkanda wa picha 36, wanaojua ubatizo uko wapi na harusi iko wapi. Mpiga picha alichukua advansi, akapeleka mkanda kusafishwa mjini, na siku nyingine alirudi na habari moja tu: “Zimeungua.” Kila picha ilikuwa na gharama, na hakuna aliyechoma mkanda kwa kupiga stendi.

Agosti 1996, Bulyanhulu

Kisa kilichoonyesha thamani ya picha katika ukanda huu ni kile ambacho hadi leo watu hawakubaliani juu yake.

Bulyanhulu, wilayani Kahama, maelfu ya wachimbaji wadogo walikuwa wamechimba maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na kujenga makazi yao pale. Eneo hilo lilidaiwa na Kampuni ya Kahama Mining, iliyokuwa mali ya Sutton Resources ya Kanada. Mwishoni mwa Julai 1996 serikali ya mkoa wa Shinyanga iliamuru wachimbaji waondoke, na siku za mwanzo za Agosti maduara yakafukiwa kwa mashine. Wachimbaji na ndugu zao wakadai kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa humo wakiwa hai. Serikali na kampuni zikakanusha: hakuna aliyekufa. Mwaka 1999 mgodi ukaingia mikononi mwa kampuni ya Barrick, na mwaka 2001 ukafunguliwa.

Miaka mitano baada ya tukio, mabishano yakageuka kuwa ya picha. Wanasheria wa mazingira wa LEAT, wakiwemo Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, pamoja na mwanasiasa Augustine Mrema, walisema kuna mkanda wa video unaoonyesha miili ikitolewa mashimoni. Novemba 2001 polisi walipekua ofisi za LEAT jijini Dar es Salaam, na baadaye watatu hao wakashtakiwa kwa uchochezi. Ofisi ya malalamiko ya Kundi la Benki ya Dunia ililitazama suala hilo mwaka 2002, kwa kuwa benki hiyo ilikuwa imetoa bima kwa mgodi, ikahitimisha kwamba madai hayakuthibitika.

Makala hii haiwezi kuamua kilichotokea ndani ya mashimo yale. Inachoweza kusema ni kwamba kwa siku kadhaa za Agosti, mbele ya maelfu ya macho, hazikupatikana picha ambazo pande zote zingezikubali. Mjane aliyesema mumewe hakurudi hakuwa na cha kumwekea mtu mezani. Hata aliyesema hakuna aliyekufa hakuwa nacho. Zaidi ya robo karne imepita, na kila upande umebaki na neno lake.

Nyololo hadi Mwadui

Septemba 2, 2012, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa katika kijiji cha Nyololo, mkoani Iringa, polisi walipokuwa wakitawanya shughuli ya chama cha siasa. Safari hii kamera ilikuwepo. Picha mnato zilizoonyesha askari wakimzunguka dakika zake za mwisho zilichapishwa magazetini, na nchi nzima ikaziona. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Ukiweka Nyololo kando ya Bulyanhulu, unaona kinachotofautisha kesi na uvumi.

Waliopiga picha za Nyololo walikuwa wanahabari. Miaka 10 baadaye kazi hiyo ilikuwa imeshuka hadi kwa mwananchi mwenye simu. Novemba 7, 2022, bwawa la tope la mgodi wa Mwadui lilipasuka, tope la kijivu likatambaa juu ya mashamba na kufika kwenye nyumba. Picha zikaingia kwenye makundi ya WhatsApp kabla maelezo rasmi hayajatulia. Mahali ambapo kwa miaka 80 picha ilikuwa jambo la mwenye geti, mkulima aliyesimama kwenye tuta la shamba lake akawa ndiye shahidi.

Geita nako mambo yamebadilika. Mgodi wa dhahabu wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, una uzio na mabango yake, na ndani ya uzio mwenye mgodi ana haki ya kukataza kamera. Nje ya uzio kuna mji unaopigwa picha kutwa: karasha zinazosaga mawe usiku na mchana, vijana wanaochambua magwangala, yaani mawe ya mabaki ya mgodi, soko la madini lililofunguliwa Machi 2019 likiwa la kwanza la aina yake nchini. Sonara hapendi kamera ielekee mizani yake, na ana hoja. Ila barabara iliyo mbele ya soko si mizani yake.

Mwenye uso

Hapa ndipo mpiga picha anapotakiwa kujiangalia mwenyewe. Kuanzia mwaka 2007 mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Geita ya leo ilikumbwa na mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na waganga waliowaahidi wachimbaji na wavuvi utajiri. Mwaka 2008 mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, aliwarekodi waganga kwa siri, akatishiwa maisha. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu, hukumu ya kwanza ya aina hiyo. Na kabla ya hapo, vikongwe wa Usukumani waliuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo chanzo chake kilikuwa moshi wa jiko la kuni.

Katika nchi kama hiyo, mama anayemvuta mtoto wake anapoona kamera ya mgeni hana ushamba. Anafanya hesabu. Picha inamwonyesha mtoto, mlango, na njia ya kufika mlangoni.

Sheria imechelewa ila imefika. Katiba ya mwaka 1977 haikuwa na sura ya haki za binadamu hadi marekebisho ya mwaka 1984, miaka 14 baada ya Sheria ya Usalama wa Taifa. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Ibara ya 16 inalinda faragha. Mpiga picha anasimama kwenye ibara ya 18, na mtu aliye mbele ya lenzi anasimama kwenye ibara ya 16. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeongeza uzito upande wa pili, hasa kwa wanaotumia sura za watu kibiashara. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomtaka mwananchi kwenda na barua ya ofisi ili apige picha ya kumbukumbu barabarani.

Wazee wa Usukumani wana utaratibu wao, mfupi kuliko sheria zote hizo. Unaanza na “Mwangaluka.” Unasubiri kuitikiwa. Ukiitikiwa, unasema unachotaka. Ukinyimwa, unaaga.

Juu ya daraja

Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, katika barabara inayounganisha Mwanza na Geita. Kwa miongo mingi hapo palikuwa pa kivuko: magari kwenye foleni, wagonjwa kwenye foleni, samaki kwenye foleni.

Katika orodha ya zamani ya vitu visivyopigwa picha, daraja lilikuwa karibu na kambi ya jeshi. Kigongo, watu walishuka kwenye magari na simu mkononi. Wengine walivaa suti. Bibi mmoja aliomba apigwe akiwa ameshika ukingo, ziwa likiwa nyuma yake, kisha akataka aonyeshwe. Hakuipenda. Alisema amefumba macho, akaamuru ifutwe ipigwe nyingine, na mjukuu wake akafuta bila kubisha.